Kutia saa majira

Fundi wa simu za ofisini aliniambia amemaliza "kusinki taimu". Nilimwelewa, ila nilisikitika, maana neno tunalo. Watu wa pwani husema saa imepoteza majira, na dawa yake ni kuitia majira. Majira ni wakati, ni msimu, na kwa nahodha ni njia ya chombo baharini.

Itazame kazi ya fundi. Seva kadhaa zinahudumia simu kwa pamoja. Katika mifumo mingi, seva kuu huchukua majira nje kwa itifaki ya NTP, aliyoibuni Mmarekani David Mills miaka ya 1980, na nyingine huifuata hiyo kuu. Kwa hiyo fundi hubadilisha chanzo kwenye seva kuu, kisha husubiri zilizobaki zishike majira. Zikipishana dakika tatu tu, kumbukumbu zitaonyesha simu iliyopigwa saa 4:05 ikipokewa saa 4:02!

Wengine husema kusawazisha, nami nawaza sakafu. Kulandanisha ni zuri zaidi, lakini halisemi nani anamfuata nani. Majira yana chombo, tena yana njia ya kushikwa.