Kitoweo Kisichochinjwa

Ukialika Waislamu chakula Kindu, mashariki mwa Kongo, kuna swali ambalo lazima uwe na jibu lake: nani amechinja? Waungwana, yaani Waswahili wa misafara ya pwani, walilileta Maniema katika karne ya 19 pamoja na mpunga na Kiswahili chenyewe, enzi ambazo Nyangwe na Kasongo zilikuwa vituo vya Tippu Tip na wenzake. Kwa samaki hakuna anayeliuliza. Katoka mto Lualaba, kapikwa, karibu tule.

Wayahudi nao wana swali hilohilo, ila lao lina mlolongo mrefu zaidi. Mchinjaji wao sharti awe amesomea kazi hiyo. Kisu hukaguliwa kwa ukucha kisiwe na pengo hata dogo, na nyama hutiwa chumvi hadi itoke damu. Juu ya hayo, Torati imekataza mahali patatu kumpika mwana-mbuzi kwa maziwa ya mamaye. Marabi wakalitanua katazo hilo hadi nyama na maziwa visikutane sufuriani wala sahanini, na ukishakula nyama unasubiri saa kadhaa ndipo unywe chai ya maziwa. Kwa hiyo anayefungua mgahawa wa kosheri, yaani unaofuata sheria hizo, huchagua: jiko la nyama au jiko la maziwa. Akichagua maziwa, samaki anaruhusiwa kuingia, na mchinjaji hahitajiki tena. Ndivyo ilivyokuwa New York, ambako Ratner's ilianza mwaka 1905 na B&H Dairy mwaka 1938. B&H ingali inapika hadi leo. Mwaka 2020 mchoraji Ben Katchor alitoa kitabu kizima, tena kinene, juu ya mikahawa ya namna hiyo.

Kongo, meza hiyo ya maziwa iliandaliwa nyumbani. Mapema karne ya 20 Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes, Masefaradi wenye kusema Kiladino, walianza kufika Katanga wakifuata reli na shaba, wakafungua maduka. Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ikapata sinagogi lake mnamo 1930, na mwaka 1937 akaja rabi Moïse Levy kutoka Rhodes. Asubuhi ya Sabato, wakitoka kusali, watu wa Rhodes hula burekas na boyos, yaani vitumbua vya kuoka vilivyojazwa jibini au mchicha, pamoja na mayai yaliyochemshwa usiku kucha kwa maganda ya vitunguu mpaka ute wake ukawa wa kahawia. Hakuna nyama hapo. Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi waliosalia kisiwani, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi ni wachache mno. Tangu hapo mapishi ya Rhodes yakawa ya watu wa Elisabethville, Salisbury (Harare ya leo) na Seattle.

Uganda mambo yalianzia upande wa pili. Kiongozi wa Kiganda Semei Kakungulu alijitahiri mwaka 1919 akaanzisha jamii ya Abayudaya, yaani Wayahudi, karibu na Mbale, lakini alikuwa akijisomea Biblia tu. Mwaka uliofuata alikutana na mfanyabiashara Myahudi aitwaye Yosef, aliyewafundisha kalenda ya sikukuu na namna ya kuchinja. Bila mtu kama huyo, nyama ni mashaka matupu.

Turudi Lualaba, maana samaki naye ana sharti lake: awe na mapezi na magamba, na gamba litoke bila kuchana ngozi. Mama anayeuza samaki Kindu hukifanya kipimo hicho kila asubuhi pasipo kukijua. Anamshika samaki mkiani, anapitisha kisu kuelekea kichwani, magamba yanarukia kwenye kanga yake. Tilapia amepita. Mbenga, pamoja na meno yake ya kutisha, amepita. Kambale, ambaye wengi humwita ngolo, hana gamba hata moja: amekataliwa. Waislamu wa Kindu, ambao ni Masunni, wanamla kambale bila wasiwasi, lakini Makhoja Ithnaasheri wa Zanzibar na Dar es Salaam hawamgusi. Mkhoja na Myahudi wangesimama mbele ya meza moja sokoni na kunyoosha kidole kwa samaki yuleyule.

Je, huyo samaki aliwe kwa maziwa? Hapo marabi wenyewe walitofautiana. Yosef Karo wa Safed, katika karne ya 16, aliandika kwamba mchanganyiko huo ni hatari kwa afya, na baadhi ya Masefaradi wanaufuata mwiko huo mpaka sasa. Moshe Isserles wa Kraków akajibu kwamba hapo maneno yamechanganywa, hatari inayotajwa ni ya samaki kwa nyama. Mimi namwamini Isserles, ingawa sina haki ya kupiga kura.

Ukienda Punia, msituni kaskazini, ubishi huo unakuwa wa kinadharia. Msitu wa mbung'o si nchi ya ng'ombe, na maziwa ni ya unga, ya kopo. Jibini nzuri ya Kongo hutoka Masisi, Kivu, nayo kwa mshika sheria haitoshi kuwa nzuri: lazima ajue kimeng'enya kilichogandisha maziwa kimetoka tumboni mwa mnyama gani, na amechinjwa na nani.

Kwa mama malewa, yaani mama lishe, kikwazo si samaki ila karai. Mafuta yaliyomkaanga kambale jana ndiyo yanayomkaanga tilapia leo. Nionavyo, dawa yake iko palepale: liboke, chakula kinachofungwa kwa jani. Jani halikupikiwa chochote kabla yake na halitapikiwa tena. Samaki, chumvi, pilipili na kitunguu vinafungwa humo na kuwekwa juu ya makaa. Limebaki sharti moja, kwamba Myahudi mwenyewe ashiriki katika upishi. Kwa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, akiwasha moto yatosha. Kwa Masefaradi, watu wa Rhodes, moto hautoshi: mama atamkabidhi liboke lake, naye aliweke motoni kwa mkono wake.