Jinsi Majina Yalivyotiwa Katika Hesabu

Umri wa mtu ni hesabu. Hati moja ikisema miaka 30, na nyingine 31, hata mtoto aweza kutoa moja katika nyingine akapata tofauti yake. Lakini jina ni neno. Nani awezaye kutoa Muhammad katika Mohamed akatuambia kimebaki kiasi gani? Na kila karani huandika jina kama sikio lake lilivyolisikia. Basi mtu mmoja huweza kuwa watu wawili katika madaftari ya serikali, na haki yake ikapotea kwa ajili ya herufi moja.

Mwaka wa 1918, Robert C. Russell wa Pittsburgh, katika nchi ya Marekani, alipewa haki ya uvumbuzi wa njia ya kupanga majina kwa sauti zake. Njia hiyo ilipokwisha kutengenezwa zaidi iliitwa Soundex. Herufi ya kwanza ya jina huachwa kama ilivyo. Irabu zinazofuata hutupwa, pamoja na H, W na Y. Konsonanti zenye sauti za jamaa hupewa tarakimu moja: B, P, F na V hupata 1, D na T hupata 3, M na N hupata 5. Hivyo Smith na Smyth yote mawili huwa S530. Muhammad na Mohamed huwa M530.

Faida yake ilionekana baada ya mwaka wa 1935, Marekani ilipoweka sheria ya malipo ya uzeeni. Wazee wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Ushahidi wa umri wao ulikuwa katika madaftari ya kuhesabu watu, kama yale ya 1880 na 1900. Makarani wakaandika kadi na kuzipanga kwa Soundex, hata mzee ambaye jina lake liliandikwa vibaya utotoni akaweza kuonekana tena.

Hata hivyo njia hiyo ilikuwa na kasoro. Sand naye hupata S530, kana kwamba ni ndugu yake Smith; na Omar na Umar hutengwa, kwa kuwa herufi za kwanza hazifanani.

Mwaka wa 1959, Howard Newcombe na wenzake walieleza jinsi walivyotumia kompyuta kuunganisha hati za ndoa na za uzazi za British Columbia, Kanada. Hawakutegemea jina moja peke yake, bali walipima kila ushahidi kwa uzito wake: majina adimu yakilingana, ushahidi ni mzito kuliko yakilingana majina ya watu wengi. Mwaka wa 1969, Ivan Fellegi na Alan Sunter waliipa kazi hiyo msingi wa kihesabu. Waligawa hati katika mafungu matatu: zilizo za mtu mmoja, zisizo za mtu mmoja, na zenye shaka, ambazo hapana budi zitazamwe na binadamu.

Hata leo programu nyingi hufuata msingi huo. Nasi tujifunze hasa katika fungu la tatu. Mashine husoma herufi tu. Lakini anayekosa malipo yake au kubebeshwa deni la mwingine ni mtu. Penye shaka, afadhali kuuliza kuliko kukata hukumu.