Hakishiriki, au fungu la mpiga gitaa

Mchana mmoja nilikuwa kwa fundi cherehani, Magomeni, nikisubiri suruali ipunguzwe kiuno. Redio ilikuwa juu ya kabati la vitambaa, ikipiga dansi ya zamani. Wimbo ulipoingia kwenye chemko, mzee aliyekaa nami kwenye benchi alianza kutembeza vidole vya mkono wa kushoto juu ya fimbo yake, kama mtu anayebana nyuzi. Vidole vilikwenda sawasawa na muziki, pale unapobadilika navyo vikabadilika.

"Shikamoo, mzee. Huu wimbo unaufahamu?"

"Marahaba. Hilo gitaa la rithimu ni langu."

Walirekodi siku moja tu, wakapewa posho ya siku ile, wakaenda zao. Wimbo umepigwa redioni miaka zaidi ya arobaini, na kwa kupigwa huko hajaona hata thumni. Nikamuuliza kama amewahi kudai mrabaha. Akanitazama kama nimeuliza jambo lisilomhusu. "Mrabaha ni wa mtunzi, mwanangu. Mimi nilipiga tu."

Maneno hayo mawili, "nilipiga tu", yananisumbua mpaka leo, kwa sababu Kiswahili cha sheria kina neno la kuyajibu na mzee hakuwahi kuambiwa. Neno lenyewe ni hakishiriki. Lakini haliwezi kueleweka kabla ya mrabaha kueleweka.

Msomaji wa magazeti yetu hukutana na mrabaha zaidi kwenye habari za madini. Mwaka 2017 sheria ilimtaka mchimbaji wa dhahabu Tanzania ailipe Serikali mrabaha wa asilimia 6 ya thamani ya dhahabu aliyoipata. Mali iliyomo ardhini ina mwenyewe, na anayeitumia kujitajirisha humkatia mwenyewe fungu lake. Waingereza huyaita malipo hayo kwa neno lililotokana na ufalme, maana zamani yalikuwa haki ya mfalme. Kiswahili kilimwacha mfalme kikaenda kwenye mzizi wa Kiarabu wa kupata faida, uleule uliozaa murabaha ya benki za Kiislamu, ingawa ile ni aina ya mauzo na isichanganywe na hii. Nalipenda neno letu kwa sababu hiyo. Ukilitamka tu, umeshauliza faida imepatikana wapi, na imepatikana kwa jasho la nani.

Mrabaha si posho. Posho huisha jioni ya siku ya kazi, mrabaha hufuata kazi kila inapotumika. Wala si zawadi. Mwaka 2013, mzee Muhidin Maalim Gurumo alipostaafu baada ya kuimba zaidi ya nusu karne, kijana Diamond Platnumz alimzawadia gari. Wengi tulifurahi, na ile heshima ilimstahili. Ila zawadi humngoja mwenye moyo wa kutoa, na wanamuziki wengi wa rika lake wamezikwa bila kumpata.

Sasa hakishiriki. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na watu wengi husoma neno la kwanza wakaishia hapo. Katika muziki, hakimiliki ni ya aliyetunga maneno na melodi. Hakishiriki ni ya wale wanaoitoa tungo kwenye karatasi, au kichwani mwa mtunzi, wakaifanya isikike: waimbaji na wapigaji, watayarishaji wa rekodi, na mashirika ya utangazaji.

Angalia hilo kundi la mwisho. Redio nazo zina hakishiriki katika matangazo yao. Kituo kikinasa utangazaji wa mpira wa kituo kingine na kuurusha bila ruhusa, chenye matangazo kitakwenda mahakamani, na kitakuwa na haki. Haki hiyo na haki ya mpiga rithimu wangu zimelala kitanda kimoja tangu Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, ambao ulizilinda pande zote tatu pamoja. Kwa hiyo mkurugenzi wa kituo anayesema kwamba mpigaji hana cha kudai anaukata mti aliokalia mwenyewe. Ibara ya 12 ya mkataba huo inasema rekodi iliyotolewa kibiashara ikitumika katika utangazaji, mtumiaji atoe malipo ya haki kwa watumbuizaji, au watayarishaji, au wote wawili.

Wapo wanaosema "haki jirani", wakifuata Kiingereza na Kifaransa neno kwa neno. Sijalipenda. Jirani hukaa ng'ambo ya ua. Anaweza kukuazima chumvi, lakini nyumba si yake. Mpigaji hayuko nje ya ua wa wimbo. Hakishiriki inamwingiza ndani, inasema ameshiriki, na aliyeshiriki shambani huitwa wakati wa mavuno. Kuhusu mwenye haki mwenyewe, natumia "mtumbuizaji". "Msanii" ni pana mno, hata mchongaji wa vinyago ni msanii, na mtunzi naye yumo, nasi hapa tunataka kuwatenganisha.

Mahali ambapo tofauti hii inaumiza waziwazi ni Marekani. Kule redio za AM na FM hulipa watunzi, kupitia vyama kama ASCAP kilichoanzishwa mwaka 1914, lakini sheria haizilazimishi kumlipa aliyeimba. Otis Redding alitunga na kutoa "Respect" mwaka 1965. Aretha Franklin aliirudia mwaka 1967 akaifanya wimbo mwingine kabisa, na sauti ambayo dunia inaikumbuka ni yake. Kila FM ya Marekani ilipoupiga, fungu lilikwenda upande wa utunzi. Aretha alifariki mwaka 2018 bila sheria hiyo kubadilika. Ajabu ni kwamba tangu mwaka 1995 sheria ya nchi hiyohiyo inatambua malipo ya mtumbuizaji kwa matangazo ya kidijiti. Wimbo uleule ukipita kwenye redio ya setilaiti au ya intaneti, shirika la SoundExchange hugawa fedha: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, na 5 kwa wapigaji na waitikiaji wasiotajwa kwenye jalada. Asilimia 5 ni ndogo. Hata hivyo, imeandikwa, na inamtambua mtu wa rithimu.

Kenya waliyagawa mambo haya hadi kwenye vyama: MCSK kwa watunzi na wachapishaji, PRISK kwa watumbuizaji, KAMP kwa watayarishaji. Ukiwa na mashaka kama hakimiliki na hakishiriki ni vitu viwili, majina hayo yanatosha. Kwetu Tanzania, COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ilibeba mzigo wote kwa muda mrefu, na mwanzoni mwa mwaka 2022 iligawa mirabaha iliyotokana na nyimbo kupigwa kwenye vyombo vya utangazaji.

Je, redio zilipe? Ndiyo, zilipe. Najua jibu la watangazaji: sisi ndio tunaomtangaza msanii, bila sisi nani angemjua? Kwa kijana anayetoa ngoma yake ya kwanza, hoja hiyo ina uzito. Kwa mzee wa Magomeni haina. Bendi yake ilishakufa, hana onyesho la kumjazia ukumbi, hana kanda ya kuuza. Kinachouzwa katika saa ile ya zilipendwa ni muda wa matangazo ya sabuni na benki, na watu wanakaa kwenye redio kwa sababu ya gitaa lake. Redio ndogo ya jamii isiyo na matangazo itozwe kidogo sana, ada ifuate mapato. Hilo ni suala la kiwango, halifuti deni.

Kigumu zaidi ni kumjua wa kulipwa. Niliwahi kuonyeshwa daftari la zamu la kituo kimoja: saa, jina la wimbo, jina la bendi. Basi. Mashine za kisasa zinaweza kuutambua wimbo kwa sekunde chache, lakini haziwezi kumtambua aliyepiga kama hakuna mahali alipoandikwa, na bendi za dansi zilikuwa na watu kumi na zaidi.

Suruali ilikuwa tayari, lakini sikuondoka. Nilimwomba fundi kalamu, nikageuza risiti yake, nikamwambia mzee anitajie waliokuwa studio siku ile. Solo akamtaja, besi akamtaja, tumba, drams, waimbaji watatu, saksafoni. Wengi alipowataja aliongeza "marehemu". Trumpeti ya kwanza akaikumbuka. Kwenye trumpeti ya pili akanyamaza, akafumba macho, vidole vikaanza tena kutembea kwenye fimbo, akiutafuta ule wimbo ili ampate mtu.