Upindo wa Inchi Nne

Katika sehemu hizi zetu za Bonde la Ufa, uamuzi wa nani atashonewa kaptura mpya na nani atavaa ya kakake haufanywi Januari. Hufanywa mahindi yakiwa bado shambani. Njoro, Rongai, Subukia na Bahati watu huvuna kati ya Oktoba na Desemba, na mama anayepita katikati ya mistari akihesabu magunia kwa macho tayari anajua kama mwaka ujao utakuwa wa sare mpya au wa viraka. Upande wa Molo na Elburgon hesabu hiyo ilipigwa miaka mingi kwa pareto iliyoletwa kiwandani hapa Nakuru, na kuelekea Kericho ilipigwa kwa bonasi ya majani chai. Wenye ng'ombe walingoja malipo ya maziwa kutoka kampuni ya KCC. Hela ikichelewa, mtoto alichelewa kuvaa. Pareto ilipoanguka na wakulima wakakaa bila kulipwa, mimi nilijua mapema, kwa sababu wateja wangu wa Molo waliacha kuleta watoto wote kupimwa, wakawa wanamleta mmoja.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za shule katika mji huu tangu miaka ya 1970, kwanza kwenye baraza ya duka la Mhindi, baadaye kwenye chumba changu mwenyewe mtaa wa Bondeni. Historia ya mji wetu imeandikwa kwa reli, kwa walowezi na kwa siasa. Nataka kuieleza kwa upindo, maana ndani ya upindo ndimo familia nyingi za hapa zilimoweka akiba yao.

Wazazi wetu walioishi kama maskwota kwenye mashamba ya walowezi hawakuwa na tatizo la sare, kwa sababu wengi hawakuwa na shule. Mahali ambapo mlowezi aliruhusu, kulikuwa na shule ya shambani: kibanda cha mbao, mwalimu mmoja, watoto wamevaa chochote kilichokuwa nyumbani. Mahali pengine watu walijijengea wenyewe. Shule huru za Wakikuyu zilienea hadi huku Bonde la Ufa, na kule Olenguruone, ambako maskwota walipelekwa mwaka 1941 na kufukuzwa mwaka 1950, shule ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza walivyojenga kwa mikono yao. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, shule hizo zilifungwa. Mjini Nakuru nako watoto walitengwa kwa rangi: Wazungu na shule yao, Wahindi yao, Waafrika yao. Ile orodha ndefu ya vitu vya kununua, yenye idadi ya soksi na rangi ya tai, ilitujia kutoka shule za bweni za Kiingereza, na ilikuwa ya watoto wa walowezi muda mrefu kabla haijawa yetu.

Khaki ndiyo iliyotangulia kuwa sare ya mtoto wa Kiafrika katika mji huu, na ilitoka kazini. Nakuru ni mji wa reli. Mwanamume aliyekaa landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, alikuwa na suruali ya khaki ya kazi, na Lanet kulikuwa na kambi ya jeshi, nako ni khaki. Suruali ya mtu mzima ikichakaa magotini, sehemu ya juu bado ni nzima. Mzee aliyenifundisha kazi alianza kwa kugeuza suruali hizo kuwa kaptura za watoto wa shule. Alinionyesha jinsi ya kufumua bila kukata, kugeuza kitambaa ili upande wa ndani ambao haujapigwa jua uwe nje, na kuweka vipande vizuri mahali panapoonekana na vibovu mahali panapokaliwa, kisha kuvishika vibovu kwa kitambaa cha pili kwa ndani. Kaptura ya namna hiyo ilipita kwa ndugu wawili, mara nyingi watatu.

Viatu havikuwamo. Mimi mwenyewe nilisoma Elburgon, baba yangu akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na asubuhi za Julai tulikanyaga umande wa baridi miguu mitupu. Kwa hiyo kule juu sweta ndiyo iliyoamuliwa kwanza. Mama aliweza kuvumilia rinda lenye viraka, lakini hakuweza kuvumilia mtoto anayekohoa. Sweta ilifumuliwa mikono, nyuzi zikaoshwa na kunyoshwa, zikafumwa upya na kuongezwa uzi wa rangi iliyokaribiana. Mjini, ambako baridi ni ndogo na vumbi ni jingi, mpango ulikuwa mwingine: kola ya shati na soksi nyeupe ndizo zilizoleta ugomvi, kwa kuwa mwalimu wa zamu alizikagua Jumatatu gwarideni.

Mwaka 1974 serikali ya Mzee Kenyatta iliondoa karo kwa darasa la kwanza hadi la nne. Watoto walijaa shuleni, na shule zikaanza kudai michango ya majengo, hata Rais Moi alipoingia akaiondoa michango hiyo mwaka 1979 na kuleta maziwa ya bure shuleni, maziwa ya Nyayo. Mzazi wa mitaa yetu ya Kaptembwo au Langalanga aliachiwa jambo moja ambalo hakuna aliyelifuta: nguo. Hapo ndipo kazi yetu ilipokua. Mwishoni mwa Desemba baraza za maduka zilijaa cherehani, kila fundi na kanda yake ya kupimia shingoni, na akina mama wamepanga foleni na watoto ambao bado wana nguo za Krismasi.

Naomba nieleze jinsi uamuzi ulivyofanyika, maana nauona unasahaulika. Mama alifungua mfuko na kutandaza kila kitu mezani kwangu, cha mkubwa na cha mdogo pamoja. Hatukuanza na mtoto, tulianza na nguo. Nilishika kaptura nikaielekeza kwenye mwanga nione makalio: kitambaa kikipitisha mwanga kama chandarua, hakuna cha kuokoa zaidi ya mifuko na vifungo. Kwenye shati niliangalia kola na makwapa. Kola iliyoliwa hufumuliwa na kugeuzwa, na hilo huliongezea shati mwaka mwingine, lakini kwapa lililooza kwa jasho halina dawa. Kwenye gauni la msichana niligeuza upindo. Kisha mama akauliza, "Fundi, hii unaweza kuishusha tena?" Nami nikajibu, "Itafika Agosti, mama, lakini rinda la kifuani halitafika." Mtoto aliitwa mwisho, akasimama wima, nikampima kuona tu kama nguo na mwili vimekubaliana.

Gauni nililoshona miaka hiyo lilikuwa na upindo wa inchi nne. Kaptura ilikuwa na inchi tatu, na mishono ya pembeni nilifanya minene, nikaacha inchi nzima kila upande. Januari iliyofuata niliufumua upindo, nikaunyosha kwa pasi ya makaa na kitambaa kilicholowa, nikashusha inchi moja na nusu. Pale ulipokuwa ukunjo wa zamani palibaki mstari mweupe, uliochubuliwa na kufua na kutembea, na chini yake utepe wa kitambaa kilichokuwa kimejificha, rangi yake bado ya dukani. Msichana wa darasa la tano aliweza kuwa na mistari miwili kama hiyo, na mtu mwenye jicho alisoma pale miaka yake ya shule. Baadhi ya wasichana waliuonea haya mstari huo. Mama zao hawakuona haya hata kidogo: mstari ulisema kwamba nguo hii ilinunuliwa mara moja, ikalipiwa, na haidaiwi.

Kitambaa chenyewe kilisaidia. Tulikuwa na viwanda vyetu: Rivatex ya Eldoret, Kicomi ya Kisumu. Drili ya pamba ya wakati huo ilipauka, ndiyo, lakini ilikubali kiraka, sindano haikuikata. Tetroni, kitambaa cha polista, ilipofika watu waliipenda kwa kuwa haipauki wala haihitaji pasi kila siku. Mimi niliipokea kwa shingo upande, na sijabadilisha msimamo. Tetroni hung'aa makalioni na hutatuka kandokando ya mshono, na ukiweka kiraka, kiraka hubaki kizima huku kitambaa kinachokizunguka kikichanika.

Madaftari nayo yalikuwa na upindo wao. Mwisho wa mwaka mtoto alihesabu kurasa ambazo hazijaandikwa, zikachomolewa katikati kwa uangalifu, akina mama wakaniletea mabunda nikayashona kwa mashine, mshono mrefu, uzi mara mbili. Jalada lilikuwa karatasi ya mfuko wa saruji. Hayo yalikuwa madaftari ya hesabu za nyumbani. Yale mapya, yenye jedwali la kuzidisha nyuma, yaliwekwa kwa kazi ya darasani. Sanduku la bati la mtoto anayekwenda bweni lilipita vivyo hivyo. Mafundi wa jua kali walilitengeneza mara moja, na jina la kila aliyefuata lilipakwa kwa rangi nyeupe juu ya jina la nduguye.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, orodha ilinenepa ghafla. Sayansi ya nyumbani ilitaka kitambaa, sindano na nyuzi. Useremala ulitaka mbao. Watoto walifika barazani kwangu jioni wakiomba vipande, nami niliwawekea kikapu maalumu. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kuingia madarasani tangu 2017, ulipoleta tena wazazi wanaotafuta vifaa usiku, nilikitoa kikapu kile kile.

Kilichobadilisha desturi yetu zaidi kilitokea miaka ya 1990. Biashara ilifunguliwa, mitumba ikajaa, viwanda vya nguo vikayumba na vingine vikafungwa. Rivatex ilianguka mwishoni mwa muongo huo, na ilikaa miaka mingi kabla ya Chuo Kikuu cha Moi kuichukua mwaka 2007. Sweta za mitumba zilifaa watoto wengi, na sitazisema vibaya. Lakini pamoja nazo zilikuja sare zilizoshonwa tayari, bei rahisi, zimefungwa kwenye nailoni. Nilinunua kaptura moja nikaifumua mezani. Upindo ulikuwa nusu inchi. Mishono ya pembeni ilikatwa ukingoni kabisa kwa mashine. Hakukuwa na chochote cha kushusha wala cha kupanua. Mzazi aliyenunua nguo ile alilipa kidogo dukani, na mwaka uliofuata hakuwa na uamuzi wa kufanya: mtoto amekua, nguo imekwisha, rudi ununue.

Januari 2003, serikali ya Rais Kibaki ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, watoto walipokelewa madarasani wakiwa na nguo zozote walizokuwa nazo. Ilikuwa haki. Mwaka mmoja baadaye, Eldoret, Mzee Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84, naye akavaa sare kama wanafunzi wenzake. Nilimwelewa. Huko Busia, wakati huohuo karibu, watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, waliwagawia watoto sare na kuona kwamba waliopewa walipunguza kukosa shule, hasa wale ambao hapo awali hawakuwa nayo kabisa. Hilo halikunishangaza. Mtoto ambaye kaptura yake imepasuka hasemi nyumbani, anajificha.

Mapema mwaka 2008 uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa waliokimbia makwao kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Watoto wao waliingia shule za mjini wakiwa na sweta ya kijani hapa, ya maruni pale. Nilishona kwa vipande vyote nilivyokuwa navyo, na kila gauni nililiwekea upindo wa inchi nne, kwa sababu hakuna aliyejua wangekaa kwenye hema hadi lini.

Kisha korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na watoto wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Sare zilizonunuliwa mwanzo wa 2020 zilivaliwa wiki chache tu, zikawekwa, na zilipotolewa hazikuingia mwilini. Hakuna kilichochakaa, kila kitu kilikuwa kidogo. Baada ya hapo kalenda ikabanwa, mwaka wa shule ukaanza Julai, mwingine Aprili, hadi uliporudi Januari 2023. Mama wa Subukia aliyezoea kuuza mahindi ndipo anunue alijikuta anatakiwa kununua wakati ghala ni tupu. Kaptura nyingi zenye upindo mfupi ziliuzwa miaka hiyo kwa mkopo.

Januari hiyo ya 2023 ndiyo pia ilipoanza sekondari msingi, darasa la saba likiwa kwenye uwanja uleule wa shule ya msingi. Wizara ya Elimu imeonya mara kwa mara kwamba mzazi asilazimishwe kununua kwenye duka moja. Hata hivyo, shule moja niliyoifahamu ilibadilisha rangi ya sweta na kutaka nembo ifumwe ndani ya kitambaa chenyewe, ili sweta ya dada mkubwa isiweze kurithiwa. Shule nyingine ilibaki na rangi ileile na kuongeza nembo ndogo ya kushonea kifuani. Kwa hiyo ya pili nilifanya kazi wiki nzima: nilifumua nembo za zamani, nikashona mpya, nikashusha pindo za magauni yaliyokuwa nazo. Kamati za wazazi zina sauti katika jambo hili. Nembo ishonwe juu, rangi isibadilishwe kila mwalimu mkuu mpya anapofika, na anayepewa zabuni ya sare aulizwe, kabla ya bei, ameacha inchi ngapi kwenye upindo.