Zuia Mbu: Funzo la Bonde la Kilombero

Serikali zetu zimezoea kumwita mwananchi pale tu zinapohitaji utii wake. Historia ya Ifakara yaonyesha njia nyingine.

Maabara aliyoianzisha Mswisi Rudolf Geigy mjini humo mwaka 1957 ilikua ikawa kituo kikubwa cha utafiti wa malaria. Hata hivyo, ujuzi wa maabara pekee hautoshi: chandarua hutundikwa na mwenye nyumba. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua na dawa yake katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Kwanza watafiti waliwasikiliza wakazi, ndipo bidhaa ikapewa jina: Zuia Mbu. Wauzaji walikuwa wenye maduka, viongozi wa vijiji na wa dini, na wahudumu wa afya. Wajawazito na akina mama wenye watoto wadogo walipewa hati za punguzo. Katika miaka 3, watoto wachanga waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa waliongezeka kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50. Utafiti ulivihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4.

Leo mbu mvamizi kutoka Asia, Anopheles stephensi, aliyegunduliwa Djibouti mwaka 2012, amekwisha kufika Kenya. Huyu huzaliana katika mapipa na matangi ya maji, uani mwetu, mahali ambapo afisa haingii bila hodi. Je, tutaibisha hodi hiyo kwa amri, au kwa mashauriano?