Maziwa ya Kuganda na Ugonjwa wa Sukari

Huku kwetu Butembo na Beni twasikia sifa za unga na vidonge vyenye vijidudu vyema vya tumboni. Wauzaji wasema ya kwamba mwenye ugonjwa wa sukari akivimeza, sukari ya damu yake itashuka, wala hatahitaji dawa za hospitali tena. Neno la kwanza lina chembe ya ukweli. La pili laweza kuua. Basi tufuate habari hii tangu mwanzo wake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu Elie Metchnikoff wa Institut Pasteur huko Paris alifundisha kwamba maziwa ya kuganda hurefusha maisha, maana vijidudu vyake huvishinda vile vibaya vya matumbo. Aliwataja wakulima wa Bulgaria kuwa mfano. Ni kweli kwamba mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel, lakini alipewa kwa kuonyesha jinsi mwili unavyojikinga na maradhi, si kwa ajili ya maziwa. (Wauzaji hupenda kulisahau jambo hilo.) Wazee wa Kivu, nao, hawakungoja habari kutoka Paris: mashanza, yaani maziwa yaliyogandishwa, waliyanywa kabla ya kusikia jina la kijidudu cho chote.

Siku zile, mtoto aliyepatwa na ugonjwa wa sukari alikuwa amehukumiwa kufa, maziwa yawepo au yasiwepo. Mlango ulifunguliwa katika mji uitwao London, si ule wa Uingereza, bali ule wa jimbo la Ontario katika Kanada. Huko, usiku mmoja wa Oktoba 1920, daktari kijana Frederick Banting alipata wazo juu ya kongosho. Mwaka 1921 alikwenda Toronto, na pamoja na Charles Best akajaribu dawa yake kwa mbwa katika maabara ya Profesa Macleod. Januari 1922 walimdunga Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa mahututi. Sindano ya kwanza haikufaa sana. James Collip akaisafisha dawa, na siku 12 baadaye wakamdunga tena, sukari ikashuka. Kijana yule aliishi miaka 13 zaidi. Hiyo ndiyo insulini. Mpaka leo, mgonjwa ambaye kongosho lake haliitoi kabisa hawezi kuishi bila kudungwa.

Kumbe, mji ule ule wa London ulituletea baadaye vijidudu vya maziwa! Mtaalamu Gregor Reid wa chuo kikuu cha huko alikuwa amechunguza kijidudu kiitwacho Lactobacillus rhamnosus GR-1. Mwaka 2004 chuo hicho kilisaidia kuanzisha kazi ya mtindi wake katika Mwanza, Tanzania. Akina mama wa kikundi cha Tukwamuane, mtaani Mabatini, walichemsha maziwa, wakayagandisha kwa kijidudu hicho, wakawapa majirani, hasa wenye virusi vya UKIMWI. Ni kazi njema, lakini haikuwa dawa ya sukari, wala wale akina mama hawakusema hivyo.

Je, sukari yenyewe? Mwaka 2012 wataalamu wa Iran walitangaza jaribio la wagonjwa 64 wa aina ya pili, ile ipatayo zaidi watu wazima. Nusu walikula gramu 300 za mtindi wenye vijidudu teule kila siku kwa majuma 6, na nusu mtindi wa kawaida. Wale wa kwanza walionekana na sukari ndogo zaidi. Majaribio mengine yaliyofuata yalipata punguzo dogo, na mengine hayakupata kitu. Tena mengi yalikuwa ya majuma machache, na kwa kawaida vijidudu viliongezwa juu ya dawa, havikuchukua mahali pake.

Twayaandika haya kwa sababu twawajua watu wetu. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, wengi wa Beni na Butembo waliogopa kukanyaga kituo cha afya. Mwenye hofu ya namna hiyo ni mteja rahisi kwa mtu anayebisha hodi na kopo la unga. Pesa ya kopo ingenunua vidonge vyake, au ingemlipia kipimo cha damu.

Anayependa maziwa ya kuganda na ayanywe, pamoja na dawa zake. Ayachemshe kwanza, yapoe, kisha atie kijiko cha mtindi wa jana. Maharage yetu ya Lubero nayo ni chakula cha vijidudu vyema vilivyomo tumboni tayari, na bei yake twaijua. Lakini anunuaye mtindi dukani asome karatasi ya chupa kabla ya kulipa, maana mwingi umetiwa sukari.