Kifuko cha zawadi

Kifuko cha zawadi ni mfuko mdogo wa kitambaa, kwa kawaida wenye kamba ya kukazia mdomoni, unaotumika kutilia zawadi ndogo kama vile mkufu, fedha, udi, karafuu au peremende. Katika pwani ya Tanzania, kama vile Bagamoyo na kijiji jirani cha Kaole, kitambaa chake hupatikana kwa urahisi katika mabaki ya kanga na vitenge yanayobaki kwa mafundi cherehani.

Historia

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwanzo wa misafara iliyokwenda bara hadi Ziwa Tanganyika, na katika njia hiyo kitambaa kilitumika kama fedha. Kilipimwa kwa shuka ya mikono 4 na doti ya mikono 8. Kilichojulikana sana ni merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi ambacho jina lake latokana na Marekani kilikotoka. Siku hizi doti ni jozi ya kanga.

Wanawake wa pwani walikuwa na mahali pao pa kuwekea fedha bila kushona chochote: fundo katika pindo la kanga, au kibindoni. Hirizi nayo hushonewa kitambaa au ngozi, lakini hufungwa isifunguliwe, ilhali kifuko cha zawadi hakifai kisipofunguka.

Kitambaa

Pamba ndiyo bora, kwa kuwa hukaa inapokunjwa na huvumilia pasi ya moto. Asiyejua ana kitambaa gani achome uzi mmoja: pamba huwaka na kuacha jivu lenye harufu ya karatasi iliyoungua, lakini poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Mabaki hufuliwa kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba mpya hurudi na kanga nyingi huchuja rangi. Wengi huiloweka kanga katika maji ya chumvi. Chumvi haizuii kila rangi. La kutegemea ni kusuuza mpaka maji yatoke meupe.

Kanga ina tatizo lake la pekee, nalo ni jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake. Mkasi ukipita katikati ya jina, nusu inayobaki yaweza kusema jambo ambalo mtoa zawadi hakulikusudia. Ni afadhali kukata kwenye mji au kwenye pindo, au kulichukua jina zima.

Kushona

Kwa kifuko chenye upana wa sentimita 13 na kimo cha sentimita 18, hukatwa kipande kimoja cha sentimita 15 kwa 44. Kikikunjwa katikati, mkunjo ndio huwa kitako. Njia hii haifai kwa maua yenye shina, ndege au maandishi, kwa kuwa upande mmoja picha itasimama na upande wa pili itapinduka. Hapo hukatwa vipande viwili vya sentimita 15 kwa 23 na kuunganishwa chini kwa mshono wa sentimita 1.

Kosa la kawaida la wanafunzi ni kushona ubavu wote kwanza, kisha kukosa pa kupitishia kamba. Utaratibu ni huu: katika kila ncha ya kipande, kingo mbili za ubavuni hukunjwa ndani sentimita 1 na kushonwa kwa urefu wa sentimita 8 hivi. Kisha ncha yenyewe hukunjwa sentimita 1, ikakunjwa tena sentimita 3, na kushonwa. Huo ndio mfereji wa kamba. Baada ya hapo kitambaa hukunjwa nyuso zikitazamana, na mbavu hushonwa kuanzia chini ya mfereji hadi kitako. Nyuzi zikifumuka, ukingo hushonwa mara ya pili. Kifuko hugeuzwa na kupigwa pasi.

Kamba ni mbili, kila moja ya sentimita 40. Hupitishwa kwa pini, moja ikianzia kulia na nyingine kushoto, ili zikivutwa pamoja mdomo ufunge pande zote.

Matumizi

Vifuko hutumika harusini, na watoto hutiliwa humo mkono wa Idi. Karafuu hutaka bitana, maana mafuta yake hutia doa. Halua hufungwa kwanza kwa karatasi isiyopitisha mafuta.

Mabaki na bei

Mara nyingi mteja hununua kitambaa chake na kumpelekea fundi, kwa hiyo mabaki si mali ya fundi moja kwa moja. Kwa kawaida vipande vikubwa hurudishwa na vidogo huachwa, lakini mpaka kati ya kikubwa na kidogo haukuandikwa popote, na kipande cha kutosha kifuko chaweza pia kutosha kola ya gauni la mtoto. Fundi mwangalifu huomba mabaki siku ya kupima, si siku mteja anapochukua nguo.

Kwa kuwa kitambaa ni cha bure, wauzaji wengi huweka bei ndogo mno. Gharama ya kifuko ni muda. Kwa mfano, anayeshona vifuko 4 kwa saa na kuuza kila kimoja Sh 1,000 hupata Sh 4,000, kabla ya kutoa uzi, kamba na mkaa wa pasi, na saa alizofua na kuchambua mabaki hazimo. Muda hupungua kwa kukata vifuko 20 pamoja na kushona pindo zote mfululizo bila kukata uzi kati ya kimoja na kingine.